STEFAN BANACH: JAMAA ALIYEFANYA HESABU KIJIWENI

Leo naweka pembeni habari za bei ya korosho na barabara, nimekuja na kisa cha mtu. Ni kirefu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu, soma haraka au ongeza hela.

Yote yalianza na ubishi. Tulikuwa tumekaa nje ya kafe hapa Nakapanya, umeme umekatika, tunasubiri urudi. Kwa wale wa mbali, Nakapanya iko huku mkoani Ruvuma. Ukitoka Songea unapita Namtumbo, unapita Tunduru, unaendelea kama unakwenda Masasi, ndipo utatukuta. Basi mimi nikatoa hoja. Nikasema hivi: chukua ramani ya Tanzania, itandike hapa mezani, igeuze upande wowote unaotaka. Kuna nukta moja kwenye hiyo karatasi ambayo iko juu kabisa ya mahali penyewe inapopaonyesha. Moja tu, siyo mbili, na haiwezi kukosekana.

Nilichekwa ile mbaya. Mmoja akaniuliza kama nimekunywa. Mwingine, ambaye ni mwalimu na ananizidi umri, akaniuliza taratibu mimi Hesabu kidato cha nne nilipata nini. Hapo nikanyamaza, maana jibu analijua kila mtu. Nilipata F. Na nikaambiwa kwa hiyo mambo hayo niwaachie wenye vyeti.

Sasa wadau, hoja ile siyo yangu. Ni ya mtu aliyefariki mwaka 1945, anaitwa Stefan Banach. Na huyo mtu naye chuo hakukimaliza. Ndiyo maana nimeamua niandike maisha yake, mwalimu wangu naye asome (shikamoo mwalimu, sina kinyongo).

Banach alizaliwa tarehe 30 Machi 1892 katika mji wa Kraków. Leo mji huo uko Poland, lakini enzi zile ulikuwa chini ya dola la Austria na Hungaria, kama sisi tulivyokuja kuwa chini ya Wajerumani. Baba yake, Stefan Greczek, alikuwa askari. Mama yake aliitwa Katarzyna Banach. Hawakuoana. Mtoto alibatizwa akiwa na siku nne tu, halafu mama akatoweka kwenye maisha yake, mazima. Jina la kwanza alipewa la baba, la ukoo akapewa la mama. Alipokuwa mkubwa alimuuliza baba yake mama ni nani hasa, na mzee hakumwambia. Alikufa bila kujua.

Alilelewa Kraków na mama mmoja aliyekuwa na biashara ya kufua nguo, Franciszka Płowa. Pale nyumbani kulikuwa na binti anaitwa Maria, na huyo Maria alikuwa na mlezi wake Mfaransa, Juliusz Mien. Yule mzee aliona dogo ana kichwa, akamfundisha Kifaransa. Kumbukeni hilo, maana kitakuja kumfaa.

Shule aliifanya kama wengi wetu tunavyoifanya. Hesabu alizipenda, yeye na rafiki yake Witold Wilkosz walikuwa wanakesha nazo, ila masomo mengine hayakumsumbua akili. Alimaliza mwaka 1910, akafaulu lakini siyo kwa kung'ara. Na hapa kuna kituko. Hawa vijana wawili walikubaliana kuwa hesabu zimeshakwisha, yaani kila kitu kimeshagunduliwa, hakuna jipya. Basi Wilkosz akaenda kusoma lugha za Mashariki, Banach akaenda kusoma uhandisi katika mji wa Lwów. Mtu ambaye baadaye atafungua tawi zima jipya la hesabu alianza kwa kuamini kuwa kazi imeisha!

Kule Lwów hela hakuwa nayo. Alijisomesha kwa kufundisha watoto wa watu masomo ya jioni, kwa hiyo masomo yake yalichukua muda mrefu. Mwaka 1914 alikuwa amefika nusu ya safari tu, Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka, chuo kikaishia hapo. Jeshini hawakumchukua kwa sababu jicho lake la kushoto lilikuwa halioni vizuri. Akafanya kazi kwenye ujenzi wa barabara, akafundisha, akarudi Kraków. Hana digrii, hana mpango.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1916, jioni moja, mwanahesabu anaitwa Hugo Steinhaus alikuwa anatembea kwenye bustani ya Planty pale Kraków. Akapita karibu na benchi. Kwenye benchi wamekaa vijana wawili wanabishana, na katika ubishi wao akasikia wanalitaja jina la Lebesgue, Mfaransa aliyekuwa ameleta njia mpya ya kupima eneo na ukubwa wa vitu. Hilo lilikuwa jambo la wasomi wachache sana wakati ule. Ni kama leo upite stendi ya Tunduru usikie wapiga debe wawili wanabishana kuhusu upasuaji wa moyo. Steinhaus akasimama, akajitambulisha. Mmoja alikuwa Otto Nikodym, mwingine ndiyo Banach.

Steinhaus akawapa swali lililokuwa linamsumbua yeye mwenyewe. Siku chache baadaye Banach akaja na jibu. Wakaandika makala pamoja, ikatoka mwaka 1918 kwa sababu vita iliichelewesha. Mpaka uzeeni Steinhaus alikuwa anasema kati ya vyote alivyogundua kwenye hesabu, kikubwa kuliko vyote ni Banach.

Kwa msaada huo, mwaka 1920 Banach akapewa kazi ya msaidizi wa Profesa Antoni Łomnicki pale Lwów. Mwaka huohuo akamuoa Łucja Braus. Na mwaka huohuo akatoa andiko la udaktari, wakati hata digrii ya kwanza hana. Wakubwa wakapindisha taratibu wakampitisha. Inasimuliwa kuwa alikuwa mvivu wa kuandika, ikabidi mtu apewe kazi ya kumfuata na kunakili anayoyasema. Kama ni kweli au ni chumvi, andiko lenyewe lipo. Lilichapishwa mwaka 1922, kwa Kifaransa, kile alichokipata kwa mzee Mien. Ndani yake ndiyo kuna hoja yangu ya ramani.

Ngoja niieleze kwa hela, maana hela kila mtu anaielewa.

Tuseme jamaa yangu ana shilingi 10,000 na mimi sina hata senti. Kila siku kila mmoja anatumia nusu ya alichonacho, halafu mjomba anampa kila mmoja 1,000. Jamaa kesho atakuwa na 6,000, halafu 4,000, halafu 3,000, 2,500, 2,250, 2,125. Mimi nitakuwa na 1,000, halafu 1,500, 1,750, 1,875. Mnaona? Yeye anashuka, mimi napanda, wote tunaelekea 2,000. Na mtu mwenye 2,000 hapandi wala hashuki: anatumia 1,000, anapewa 1,000, yuko palepale. Hiyo 2,000 ndiyo nukta isiyohama.

Siri yake iko kwenye tofauti. Mwanzoni tulitofautiana 10,000, kesho yake 5,000, halafu 2,500, halafu 1,250. Kila hatua inaikata tofauti nusu. Banach alionyesha kuwa popote penye kanuni ya namna hiyo, yaani kila hatua inapunguza umbali kati ya vitu viwili vyovyote kwa kiwango kisichopungua fulani, basi kuna nukta moja isiyohama, na ukianzia popote ukarudia kanuni utaelekea hapo. Sharti tu ni kwamba sehemu unayofanyia isiwe na matundu, maana nukta yenyewe isije ikawa imeangukia kwenye tundu. Na kwa nini ni moja tu? Kwa sababu zingekuwa mbili, zote zisizohama, umbali kati yao ungebaki uleule. Lakini kanuni inasema lazima upungue. Haiwezekani.

Rudini kwenye ramani sasa. Ramani ni kanuni ya kusogeza vitu karibu. Tuseme kilomita 20 za ardhini zimekuwa sentimita 1 kwenye karatasi. Mahali pote pa Tanzania pamesogezwa karibu karibu, na karatasi yenyewe iko ndani ya Tanzania, hapa Nakapanya. Basi masharti yote yametimia. Itafute Nakapanya kwenye ramani, ndani yake tafuta meza yetu, ndani ya meza tafuta ramani, ndani ya ramani tafuta tena Nakapanya... utaishia kwenye nukta moja.

Kama bado hamuamini, fungueni kalkuleta kwenye kompyuta mliyokalia, ile ya kisayansi. Weka pembe kwa radiani, siyo digrii. Andika namba yoyote, kisha bonyeza kitufe cha cos. Bonyeza tena na tena, mara kama hamsini hivi. Itatulia kwenye 0.739085 na kuendelea, haitoki hapo. Mwambie jirani yako aanze na namba yake. Itafika palepale.

Na siyo mchezo tu. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin walipoeleza jinsi Google inavyopanga kurasa, njia yao ilikuwa hii: kila ukurasa unapewa alama kutokana na alama za kurasa zinazouelekeza, hesabu inarudiwa na kurudiwa mpaka alama zinatulia. Kwa nini zinatulia? Kwa sababu kila mzunguko unapunguza tofauti. Ni lile andiko la mwaka 1922 la mtu asiye na digrii.

Turudi kwa Banach. Mwaka 1922 akawa profesa. Mwaka 1929 yeye na Steinhaus wakaanzisha jarida la Studia Mathematica. Mwaka 1932 akatoa kitabu chake kikuu, kwa Kifaransa tena. Lakini ofisini humkuti. Alikuwa anakaa kafe! Kafe yenyewe ilikuwa inaitwa ya Kiskoti, karibu na chuo. Alikuwa pale na vijana wake, Stanisław Mazur, Stanisław Ulam na wengine, wanakunywa, wanavuta sigara, wanabishana katikati ya makelele. Ulam alikuja kusimulia kikao kimoja kilichochukua saa 17, wanasimama kwa ajili ya kula tu.

Waliandika hesabu zao kwa penseli juu ya meza za marumaru. Asubuhi mfagiaji anapita na kitambaa, majibu yanakwenda na maji. Hivi mnaelewa ni mambo mangapi yamefutwa? Ndipo Łucja, mke wa Banach, akanunua daftari nene. Kuanzia mwaka 1935 likawa linakaa palepale kafe, mhudumu analitunza, wakija wanaletewa. Mwenye swali analiandika, anaweka na zawadi kwa atakayejibu. Wengine waliweka bia, wengine mvinyo. Mazur, mwaka 1936, aliandika swali namba 153 akaahidi bata bukini aliye hai. Swali lile liliwashinda watu miaka 36. Mwaka 1972 Mswidi mmoja kijana, Per Enflo, akalijibu, na Mazur alikuwa bado hai. Enflo akakabidhiwa bata wake kule Warsaw, hadharani. Ahadi ya kijiweni ililipwa.

Lakini kabla ya hapo yalipita mabaya. Septemba 1939 Poland ilivamiwa, Lwów ikachukuliwa na Wasovieti. Mwaka 1940 Wapoland wengi wa upande ule wa mashariki walipakiwa kwenye treni wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Walionusurika, baadhi yao walitolewa kupitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 maelfu wakafika huku kwetu, Tanganyika. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, na nyingine zilikuwa Kidugala na Ifunda huku nyanda za juu kusini. Makaburi yao bado yapo Tengeru. Kwa hiyo mji wa Banach siyo mbali na sisi kama unavyofikiri, watu wa pande zile walilima mahindi kwenye ardhi hii.

Juni 1941 Wajerumani wakaingia Lwów. Mwezi uliofuata, Julai, wakawakusanya maprofesa wa mji ule wakawapiga risasi. Łomnicki, yule aliyempa Banach kazi ya kwanza, aliuawa. Steinhaus alikuwa na asili ya Kiyahudi, ikabidi ajifiche vijijini kwa jina la uongo mpaka vita inaisha. Alinusurika.

Na Banach? Mwanahesabu mkubwa wa Poland alilisha chawa. Sitanii. Kulikuwa na taasisi ya Profesa Rudolf Weigl iliyotengeneza chanjo ya homa ya chawa, na chanjo ilihitaji chawa wengi walioshiba damu ya mtu. Chawa wanawekwa kwenye vijisanduku vidogo, vinafungwa mguuni, wananyonya. Anayefanya kazi hiyo alipewa kitambulisho, na askari wa Kijerumani waliogopa kumsogelea mtu wa chawa. Weigl aliwaficha wasomi wengi kwa njia hiyo. Banach aliishi hivyo mpaka Julai 1944.

Wasovieti waliporudi, alirudi chuoni, na Kraków walikuwa wamemwandalia nafasi. Hakuiwahi. Saratani ya mapafu ilikuwa imeshamkamata. Alifariki tarehe 31 Agosti 1945, ana miaka 53. Amezikwa kulekule, kwenye makaburi ya Lychakiv. Leo Lwów inaitwa Lviv, iko Ukraine. Mtu huyo aliishi chini ya dola kadhaa bila mji wake kusogea hata hatua. Yeye mwenyewe ndiye nukta isiyohama, kama mnaniruhusu utani.

Sasa nisiwadanganye. Sitaki mtu asome hapa akasema kumbe shule haina maana. Banach hakumaliza chuo, lakini alikesha na vitabu kuliko waliomaliza. Hakukosa kusoma, alikosa karatasi. Mimi F yangu niliipata kihalali, sikusoma. Kinachoniuma ni kingine: kama Steinhaus angepita bila kusimama, tungempata Banach? Huku kwetu vijana wanaokaa benchi ni wengi, wanaosimama kusikiliza wanabishana nini ndiyo hatuwaoni. Tukikaa watatu tunaitwa wavuta bangi.

Tena kazi yenyewe haijaisha. Picha kwenye kompyuta unayoitazama sasa imeundwa na vijisanduku vidogo, pikseli. Mmarekani Azriel Rosenfeld, aliyefariki mwaka 2004, alijenga hesabu za maumbo ya picha hizo, topolojia dijitali. Huko nukta zisizohama zinakuwa na vituko. Jaribu kanuni ya Banach: pikseli mbili za jirani zina umbali 1. Kanuni inataka upungue. Lakini chini ya 1 hakuna kitu ila 0! Kwa hiyo majirani wanaangukia pikseli moja, na jirani wa jirani pia, mpaka picha nzima inakuwa nukta moja. Kanuni ni kweli bado, lakini haina utamu. Na ukiruhusu majirani wabaki majirani tu, chukua pikseli mbili, zibadilishane nafasi. Hakuna iliyobaki kwake! Kwenye mstari wa kawaida usio na vijisanduku huwezi kufanya hivyo.

Sasa kafe yetu tumenunua daftari. Linakaa kaunta, ukitaka kuandika muombe dada. Swali la kwanza nimeliandika mimi. Chora viboksi 10 kwenye mstari. Kila kiboksi kielekeze kwenye kiboksi kingine palepale kwenye mstari, ruksa viwili kwenda sehemu moja, ila majirani lazima waende sehemu moja au kwa majirani. Je, unaweza kupanga kila kiboksi kiende angalau hatua mbili mbali na kwake? Mimi nasema haiwezekani. Anayebisha alete mpangilio wake. Anayekubali alete sababu, na atakayeileta ikasimama, zawadi ni jogoo. Yupo hai, amefungwa nyuma ya nyumba, anawika.

Mwalimu, na wewe unakaribishwa, jogoo haangalii cheti. Walio mbali wekeni majibu hapo chini kwenye maoni. Tuko pamoja wadau.